Kumaliza Taa za Umeme wa Jua

Mwanachama wa Kilolo au Mufindi aliyejijengea nyumba mbali na nguzo za umeme aghalabu hununua paneli na betri nzuri, kisha hubana fedha kwenye waya. Hasara huanzia hapo. Katika umeme wa volti 12, waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ukipeleka ampea 5 umbali wa mita 10, hupoteza zaidi ya volti 1 njiani. Wa milimita za mraba 4 hupoteza chini ya nusu volti. Taa ya jiko la nje hufifia, na betri husingiziwa.

Fyuzi nayo ifungwe karibu kabisa na betri, kwenye waya chanya: nyaya zikigusana darini bila fyuzi, nyumba yaweza kuungua. Katibu asiidhinishe malipo ya mwisho ya mkopo wa taa kabla hajaiona.