Kufundisha Uongozi Darasani

Sisi tufundishao walimu hapa Usa River tumeona desturi moja katika madarasa mengi: mwalimu humchagua kijana mrefu kuliko wenziwe, akampa fimbo na kumwita kiranja. Kazi yake ni kuandika majina ya wapigao kelele. Huo ni ulinzi tu.

Watu wa Mlima Meru wana kipimo kingine. Kwa Waarusha, tangu kale kila rika huwa na wasemaji wake, malaigwanani, nao hupendwa kwa kusikiliza na kusema, si kwa nguvu za mikono. Tena mwaka 1952 Wameru walimtuma Kirilo Japhet mpaka New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kutetea ardhi ya Engare Nanyuki, ambako watu wake walihamishwa mwaka 1951. Hakuwa Mangi, alichukua maneno ya wengi akayafikisha.

Basi ujuzi huo wafundishwaje? Twawagawa wanafunzi sita sita, na kila kundi lina msemaji wa siku hiyo. Yeye huuliza kila mmoja, kisha husimama kueleza mawazo ya wenziwe kwanza, lake mwisho. Ajabu ni kwamba mwepesi wa kusema ndiye ashindwaye sana mwanzoni! Siku nyingine darasa hugeuka baraza: huyu ana shamba la juu ya mfereji, yule la chini, na wa tatu ni mwenyekiti. Mwalimu hukaa nyuma na kufunga kinywa, jambo lililo gumu kwetu kuliko kufundisha hesabu.

Lakini lipitalo yote ni kazi ya kweli. Mwaka mmoja tulimkabidhi msichana mmoja mkimya zamu za maji katika bustani ya shule. Wavulana wa matuta ya juu walifungulia maji wapendavyo, na kabichi za chini zikaanza kunyauka. Tulitaka kuingia kati. Mwenzetu mmoja akatuzuia. Siku ya tatu yule msichana aliwaita wote, akawapeleka mpaka matuta ya chini, akawaambia waishike miche ile kwa mikono yao. Kisha akauliza, "Tufanyeje?" Walibishana hadi kengele ikalia.

Kesho yake maji yalianzia chini.