Masisi–Walikale: Maswali ambayo wenye magari na pikipiki wanawauliza mafundi wao

Sake iko kilomita zipatazo 25 magharibi ya mji wa Goma. Hapo ndipo barabara zinapogawanyika: moja inafuata ziwa kwenda Minova, nyingine inaelekea Kitchanga, na nyingine inapanda Mushaki kwenda Masisi-centre. Hii ya mwisho inaendelea Nyabiondo, inaingia wilaya ya Walikale upande wa Kashebere, kisha inashuka msituni hadi Walikale-centre, kando ya mto Lowa. Kwenye ramani ni barabara. Kwa shoferi, kuna sehemu ambazo gari linashindwa kabisa na pikipiki peke yake ndiyo inapita, tena kwa kusukumwa.

Ndiyo maana maswali wanayopata mafundi wa huku hayafanani sana na yale ya kitabu kinachouzwa pamoja na gari. Kitabu kiliandikwa kwa ajili ya lami.

Swali linalorudi mara nyingi kwa wamotari ni la nguvu: kwa nini pikipiki inakwenda vizuri Walikale, lakini ikipanda Masisi inalegea na kunywa esansi nyingi? Wengi wanashitaki mafuta mabaya au fundi aliyeigusa mwisho. Mara nyingine kosa ni la mlima tu. Walikale-centre iko chini ya mita 1,000, na Masisi kuna milima inayopita mita 2,000. Hewa inapungua kadiri mtu anavyopanda, na motere inapoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Pikipiki ndogo za kabureta, kama Boxer na TVS nyingi zinazobeba watu huku, hazijui kujirekebisha zenyewe: zinaendelea kumimina esansi ileile kwenye hewa kidogo. Buji inakuwa nyeusi, moshi pia. Fundi anayejua kazi ataitoa buji na kuitazama kabla ya kufungua kitu kingine chochote.

Lakini kuna dawa moja ya kienyeji ambayo ni sumu. Wengine wanatoa filtri ya hewa ili motere ipumue. Kweli, siku chache inapumua. Pamoja na hewa inavuta vumbi la kiangazi, na vumbi hilo linakula pistoni na silinda kama msasa. Baada ya muda moshi unageuka wa buluu, ishara kwamba motere inachoma mafuta yake yenyewe, na hapo mwenye pikipiki anarudi kuuliza kwa nini kila wiki anaongeza mafuta. Filtri iliyojaa husafishwa au hubadilishwa.

Kuhusu kubadilisha mafuta ya motere, swali ni lilelile kila mahali: baada ya muda gani? Vitabu vya watengenezaji, ukivisoma hadi mwisho, vingi vinasema wazi kwamba kwa vumbi, matope, mizigo mizito na milima, muda wa kawaida unapunguzwa, mara nyingi hadi nusu. Kila kimoja kati ya hivyo vinne kinapatikana kati ya Sake na Walikale, mara nyingine vyote siku moja. Pikipiki ndogo inabeba karibu litre moja tu ya mafuta, na hiyo litre moja inapooza motere inayopanda Mushaki na watu watatu na mfuko wa maharagi, wakati iliundwa kwa watu wawili.

Na mafuta gani? Hapo pana ugumu. Ofisi ya OCC ndiyo yenye kazi ya kuchunguza bidhaa zinazoingia nchini, lakini chupa iliyofika Nyabiondo nyuma ya pikipiki imepita mikono mingi. Kifuniko kilichokwisha kufunguliwa, au chupa yenye jina kubwa kwa bei ndogo kuliko ya Goma, vinatosha kumfanya mnunuzi aiache.

Esansi ya kwenye chupa, kwa akina kadhafi, nayo inaleta maswali. Maji ni mazito kuliko esansi, kwa hiyo yanashuka chini: ukiacha chupa nyeupe ikae kimya kwa muda, utaona mstari. Petroli ya taa ikichanganywa humo haionekani kwa macho. Tone moja juu ya karatasi linasaidia. Esansi safi inakauka na kwenda zake, petroli inaacha alama ya mafuta.

Wakati wa mvua maswali ni ya mito na madimbwi. Pikipiki imezama, imezimika, afanye nini? Jambo la kwanza ni kuacha kuipiga teke. Maji yakiwa ndani ya silinda hayakubali kubanwa, na fimbo ya pistoni inaweza kupinda. Buji inatolewa, motere inazungushwa pole pole hadi maji yatoke, kisha mafuta yanatazamwa. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yanamwagwa yote. Kwa gari ni vilevile, isipokuwa gharama ni kubwa zaidi.

Swali ambalo halipaswi kungoja kesho ni la freni. Mwenye gari anasema pedali inashuka mpaka chini, au freni inashika asubuhi lakini inapotea mteremkoni. Freni inayokanyagwa bila kupumzika inapata moto, na maji ya freni yanapochemka ndani ya mabomba yanatoa hewa. Hewa inabanwa kirahisi, kwa hiyo mguu unashuka na gari halisimami. Maji hayo pia yanavuta unyevu mwaka baada ya mwaka, na yakiwa na unyevu yanachemka upesi zaidi. Kwa hiyo kuongeza tu juu ya yale ya zamani si kutengeneza. Yanabadilishwa yote, na hewa inatolewa gurudumu kwa gurudumu.

Hata freni mpya haiwezi kumsaidia shoferi anayeteremka bila vitesi, au kwa kuzima motere ili apunguze mazutu. Desturi hii inajulikana sana. Motere ikizimwa, nguvu inayosaidia mguu kwenye freni inaisha baada ya kukanyaga mara chache, na usukani unakuwa mzito. Kwenye malori ya freni za hewa, hewa haijazwi tena. Vitesi kilichotumika kupanda mlima ndicho kinachofaa kuushuka. Mafuta yanayookolewa kwenye mteremko mmoja ni machache sana.

Jirani ya freni kuna ile sauti ya kugonga chini ya gurudumu la mbele. Wengi wanaizoea kama wanavyozoea barabara. Inaweza kuwa amortisere, na hapo gari linatikisika tu. Inaweza kuwa rotile, na rotile ikikatika gurudumu linalala upande na usukani haufanyi tena kazi. Kuzitofautisha hakuhitaji mashine: gari linainuliwa, linawekwa juu ya mti imara, na gurudumu linatikiswa juu na chini. Likicheza, safari ya Walikale ingoje.

Kungoja kwenyewe kumekuwa kugumu. Vita vilifika Masisi-centre na Goma Januari 2025, na Walikale-centre Machi ya mwaka huo. Banki za Goma zilifungwa, na dola za kununua kipuri zikawa shida kuliko kipuri chenyewe. Walikale ina mlango mwingine, barabara ya kitaifa nambari 3 inayokwenda Lubutu na Kisangani, lakini ni mbali. Inajulikana pia kwamba kwa miaka mingi ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya kipande cha lami huko Kilambo, kuchukua madini na kuleta bidhaa. Lami nzuri kuliko zote za eneo hilo, kwa kifupi, ilikuwa ya ndege.

Ndiyo sababu swali la mwisho ni la pesa: kipuri kipya, au kile kilichotolewa kwenye gari lingine? Mlango, taa, hata sanduku la vitesi vya mtumba vinaweza kufanya kazi miaka. Vitambaa vya freni, rotile na mabomba ya freni vya mtumba ni hatari, maana hakuna anayejua vimebakiza siku ngapi. Bei ya kipuri na bei ya mkono wa fundi zitajwe mbali mbali kabla ya bolti ya kwanza kufunguliwa. Na kile kilichotolewa, mwenye gari akiombe na aondoke nacho mkononi, hata kama ni chafu. Fundi aliyekibadilisha kweli hatakataa.