Weupe wa Twiga wa Garissa

Mwezi wa Machi mwaka 2020, katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini iliyoko Garissa, nchini Kenya, zilitangazwa habari za kupatikana mifupa ya twiga jike mweupe pamoja na ya ndama wake, wote wawili wakiwa wameuawa na majangili. Akasalia dume mmoja tu, mwana wa jike yule yule, ambaye mwezi wa Novemba mwaka huo alifungwa kwenye pembe yake chombo kitoacho ishara kila saa, ili askari wa wanyamapori wajue alipo usiku na mchana. Hivyo ndivyo rangi, ambayo kwa twiga mwenyewe si fahari wala si aibu, ilivyomfanya alindwe kama sultani aliyebakiwa na nusu ya himaya.

Ama sababu ya weupe huo si muujiza. Ngozi na manyoya hupata rangi kwa melanini, ambayo hutengenezwa na chembehai maalumu. Nazo, kiumbe angali tumboni mwa mamaye, huanzia karibu na mahali pa uti wa mgongo, kisha husafiri mpaka zikaenea mwilini. Zisipofika, au zikifika chache, mnyama huzaliwa mweupe, walakini macho yake hubaki meusi, kwa kuwa rangi ya ndani ya jicho ina asili nyingine. Hali hii wataalamu huiita leusizimu. Ndiyo hali ya twiga wa Garissa, na ndiyo ya Omo, twiga wa Tarangire nchini Tanzania, ambaye habari zake zilivuma mwaka 2016, na ambaye mwongoza watalii alimpa jina la sabuni ya unga. Jina hilo, kwa maoni yangu, lashinda majina yote ya kishairi ambayo angaliweza kubandikwa.

Ualbino ni jambo jingine: chembehai zimo mahali pake, ila haziwezi kutengeneza melanini ya kutosha, kwa hitilafu ambayo aghalabu hurithiwa kwa baba na mama pamoja, na kwa kuwa melanini ina kazi yake katika kuumbika kwa jicho, uoni nao hudhoofika.

Walakini watu hawakungoja sayansi ndipo watafsiri weupe. Huko Siam, ambayo leo ni Thailand, tembo mweupe alihesabiwa kuwa dalili ya baraka ya mfalme, hata akatiwa katika bendera ya nchi. Katika misitu ya pwani ya British Columbia, nchini Kanada, wako dubu weusi wazaao mara nyingine watoto weupe, endapo wazazi wote wawili wamebeba urithi huo uliojificha. Na hekaya ya wenyeji husimulia kwamba Kunguru, muumba wa dunia, alimfanya dubu mmoja katika kila kumi kuwa mweupe, ili watu wakumbuke zama ambapo nchi yote ilifunikwa na barafu. Itikadi hiyo imewafaa dubu, kwani mwenye kuaminiwa kuwa ukumbusho hawindwi.

Kinyume chake ni chui-milia mweupe wa India. Mwaka 1951 mtawala wa Rewa alimkamata mmoja, akamwita Mohan, na kwa tamaa ya kupata weupe zaidi akamzalisha chui huyo na binti wa chui mwenyewe. Na katika kizazi chake kilichojaa mabustani ya wanyama duniani makengeza ni maradhi ya kawaida. Hapo heshima yenyewe ilikuwa dhara.

Na kwetu Afrika Mashariki itikadi juu ya weupe imefika mbali zaidi, hata wanadamu wenye ualbino wakashambuliwa na kuuawa kwa uzushi wa waganga kwamba viungo vyao huleta utajiri. Uzushi huo hauna chembe ya hoja, na wenye kuueneza ni wauaji kama wauaji wengine. Adui wa pili wa wenye ualbino ni jua, liletalo saratani ya ngozi. Basi mzazi mwenye mtoto aliye na ualbino amvishe kofia pana na nguo za mikono mirefu, amtafutie mafuta ya kinga kama yale yatengenezwayo Moshi katika hospitali ya KCMC, na ampeleke mapema kwa tabibu wa ngozi na wa macho.