Lile gemu la jamaa wa kaptula ya majani

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo.

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu alinipigia simu. Tulikuwa hatujazungumza karibu mwaka mzima kwa ajili ya kiwanja alichoacha mzee, kwa hiyo nilipoona namba yake nikajua ni yale yale. Kumbe wapi! "Kaka, lile gemu la jamaa mwenye kaptula ya majani liliitwaje? Nataka wanangu walione."

Waliokua na gemu za kaseti za kuchomeka kwenye TV watamkumbuka. Ana kofia, anarusha shoka la mawe, na lazima aokote matunda maana uhai unapungua muda wote. Ukipasua yai ukakuta bilinganya, umekwisha: linakuganda huku linakunyonya. Steji 32, na kwetu pedi nzima ilikuwa moja tu. Ukifa, unampa mwenzio.

Linaitwa Adventure Island, Hudson walilitoa mwaka 1986. Nikatafuta jipya kwa jina hilo, sikupata la maana. Hudson wenyewe walishamezwa na Konami mwaka 2012. Ila katika kuchimba nikakuta kitu ambacho mimi sikuwahi kukijua: gemu lile lina pacha. Kampuni ya Escape iliwatengenezea Sega gemu la Wonder Boy, mwaka huo huo 1986. Hudson wakapata haki ya kulitoa upande wa Nintendo, lakini jina na mhusika vilikuwa vya Sega. Ndipo wakamchora jamaa wa kofia kwa mfano wa mfanyakazi wao, Toshiyuki Takahashi, aliyesifika kwa kubonyeza kitufe mara 16 kwa sekunde moja (sisi tulikuwa tunaua pedi tu).

Kwa hiyo ukitaka ukoo wa gemu lile leo, fuata jina la pacha. Wonder Boy: The Dragon's Trap la 2017 ni gemu la 1989 lililochorwa upya, na kuna kitufe kinachokurudisha kwenye picha za zamani palepale unapocheza. Unageuka mjusi, panya, samaki, simba, mwewe, na kila umbo linakufungulia njia ambayo mwanzo ulishindwa kupita. Monster Boy and the Cursed Kingdom la 2018 ni la mtindo huo huo, refu zaidi.

Sasa tahadhari. Msidanganywe na picha za vidoti. Mimi nimeshaliwa hela na gemu moja, jina nalihifadhi, picha zake za kizamani kabisa lakini mtu akiruka ni kama unaburuta gunia. Kabla ya kununua tazama video, angalia anavyoruka na anavyotua. Celeste la 2018 kwa mfano, ukichelewa kidogo tu ukingoni linakuruhusu bado uruke, ndiyo maana ukifa unajilaumu mwenyewe. Ni gumu, lakini lina sehemu ya kupunguza kasi au kuzuia usife, watoto wataliweza.

Hayo yote lakini ni ya mtu mmoja. Nilichokuwa natafuta hasa nilikipata kwenye Shovel Knight, la 2014, la shujaa mwenye sepetu. Halina habari ya kuishiwa roho ukaanza upya kabisa. Ukifa unaangusha hela zako, unarudi kuziokota ukiweza. Na toleo lake la Treasure Trove mnacheza wawili kwa wakati mmoja, skrini moja.

Mdogo wangu anakuja Jumamosi na wanawe. Kiwanja hatujakigusa kwenye simu, na sijui kama tutakigusa. Pedi ya pili nimeshanunua.

Nyie mlikuwa mnacheza lipi? Karibuni.