Je, Wajua? Les Baux, Kijiji Kidogo Chenye Makuu

Je, wajua kwamba sufuria ya alumini iliyo jikoni kwako ina undugu na kijiji cha kusini mwa Ufaransa? Mwaka 1821 mhandisi wa madini, Pierre Berthier, alichunguza mawe mekundu ya Les Baux-de-Provence akakuta yana alumina kwa wingi. Madini hayo yakapewa jina la kijiji, bauksiti, na hadi leo ndiyo chanzo kikuu cha alumini duniani.

Je, wajua kwamba mabwana wa Les Baux walijigamba kuwa wazao wa Balthazar, mmoja wa Mamajusi walioongozwa na nyota hadi Bethlehemu? Ndiyo sababu ngao yao ilichorwa nyota yenye miali 16.

Je, wajua kwamba ngome yao, iliyojengwa juu ya jabali la milima ya Alpilles, haikuangushwa na adui wa kigeni? Mji ulipoasi, Mfalme Louis XIII aliamuru ibomolewe mwaka 1632, na gharama za kubomoa wakabebeshwa wakazi wenyewe.

Je, wajua kwamba miaka kumi baadaye mfalme huyohuyo aliwapa Les Baux akina Grimaldi, watawala wa Monaco? Utawala wao hapo ulikwisha zamani, lakini cheo kimebaki: Jacques, mrithi wa kiti cha Monaco aliyezaliwa 2014, huitwa Markizi wa Baux.

Je, wajua kwamba machimbo ya chokaa yaliyo jirani na kijiji sasa ni ukumbi wa sanaa? Picha za wachoraji mashuhuri humulikwa kwa projekta kwenye kuta na sakafu za mawe, muziki ukipigwa. Msanii Mfaransa Jean Cocteau alipiga filamu humo mwaka 1959.

Je, wajua kwamba katika misa ya mkesha wa Krismasi, wachungaji wa kondoo huingia kanisani na mwanakondoo aliyepakiwa kwenye kigari kinachokokotwa na kondoo dume? Mila hiyo ya Provence bado inaenziwa kijijini hapo.

Les Baux ina wakazi wasiofika 500, lakini kwa mwaka hupokea wageni zaidi ya milioni moja. Ukijaliwa kufika, vaa viatu imara na uwahi asubuhi: gari huachwa nje, na vichochoro vya mawe hupandwa kwa miguu.