Nguvu ya Ishara Yaongozwa kwa Hesabu

Askari yeyote aliyepata kushika redio ya mawasiliano anakifahamu kile kidude kizungushwacho ili sauti ipande au ishuke. Ndani yake mna utepe wa ukinzani, na juu ya utepe huo hupita kiguso. Vumbi likiingia na utepe ukichakaa, mikwaruzo huanza, na amri iliyopaswa kusikika hupotea.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa pia na potensiometa ya dijitali. Hii ni chipu ndogo yenye mfululizo wa vikinza na swichi za elektroniki. Aghalabu kiguso chake kina vituo 256, nacho huhamishwa kwa namba tu. Hakuna kinachosuguana.

Hata hivyo, namna ya kuiunganisha ndiyo yenye kuleta faida au hasara. Amplifaya ya operesheni, ikiachwa huru, hukuza ishara kupita kiasi. Njia ya kuitiisha ilibuniwa mwaka 1927 na Harold Black, mhandisi wa Bell Laboratories huko Marekani, kwa ajili ya amplifaya za simu: sehemu ya ishara itokayo hurudishwa mlangoni ili iipunguze ile iingiayo. Hapo ukuzaji hufuata uwiano wa vikinza viwili.

Sasa tutazame hesabu. Potensiometa ya omu 10,000 yaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 20. Tukitumia miguu yake miwili tu, pamoja na kikinza cha nje cha omu 1,000, ukuzaji tulioukusudia uwe mara 11 waweza kuwa mara 9 au mara 13. Redio mbili zilizopewa namba moja hazitalingana.

Tutumie basi miguu yote mitatu: ncha moja kwenye tokeo la amplifaya, ya pili ardhini, na kiguso kwenye mlango hasi, ishara iingie mlango chanya. Vikinza vyote viwili sasa vimo katika chipu moja. Hupungua na kuzidi pamoja, na uwiano haubadiliki. Tena mlango hasi haunywi umeme ila kidogo mno, hivyo ukinzani wa kiguso hauharibu hesabu.

Ukuzaji ni 256 ukigawanywa kwa namba ya kiguso, ikihesabiwa kutoka ardhini. Namba 128 hutoa mara 2. 64 hutoa mara 4. Lakini kutoka 2 kwenda 1, ukuzaji huruka kutoka mara 128 hadi 256, na sifuri huiacha amplifaya bila kizuizi. Programu na iikatae namba hiyo.

Fundi achunguze pia volti, maana chipu nyingi za aina hii hazivumilii zaidi ya volti 5. Na achague yenye kumbukumbu, isije ikasahau kipimo chake umeme unapokatika. Anayesubiri amri gizani hana nafasi ya kurekebisha redio upya.