Kasubi ilipimwa kabla ya kuungua; sasa nani aamue kionyeshwe nini?

Usiku wa Machi 16, 2010, moto uliteketeza Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kubwa ya nyasi katika kilima cha Kasubi, Kampala, walimozikwa Makabaka wanne wa Buganda: Muteesa wa Kwanza, Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Edward Muteesa wa Pili. Watu walimiminika kilimani usiku ule ule, wengi wakilia.

Mwaka mmoja kabla, wapimaji wa CyArk, shirika lenye makao Marekani, walikuwa wameipima nyumba hiyo kwa skana ya leza. Chombo hicho hurusha mwanga, hupima umbali hadi pale unapogota, na kuhifadhi mamilioni ya nukta ambazo kompyuta huziunganisha kuwa umbo la jengo. Mwanzilishi wa shirika hilo, Ben Kacyra, amewahi kusimulia kwamba siku chache baada ya moto waliulizwa kama vipimo vile vipo na kama vingefaa kwa ujenzi mpya. Vilikuwepo.

Vipimo vya namna hiyo ndivyo malighafi ya kile wataalamu wanachokiita uhalisia mchanganyiko. Katika uhalisia pepe mtu hufunikwa macho na kuona dunia ya kompyuta peke yake. Huku kwenye mchanganyiko, mgeni huvaa miwani inayopitisha mwanga, au huinua simu yake, akaendelea kuona ukuta ulio mbele yake huku picha ya kompyuta ikisimama juu ya ukuta huo kana kwamba imo mle chumbani. Jijini Paris, makumbusho ya taifa ya historia ya viumbe yalianza mwaka 2021 kuwaonyesha wageni kwa njia hiyo wanyama waliokwisha kutoweka duniani. Washington ilitangulia: mwaka 2015 makumbusho ya Smithsonian yalitoa programu ya simu inayovisha nyama na ngozi mifupa ya wanyama iliyokaa kabatini kwa zaidi ya karne.

Lakini mnyama aliyetoweka hana ndugu wa kulalamika. Kaburi lina wenyewe.

Nyumba ya Kasubi, iliyojengwa mwaka 1882 kama kasri la Muteesa wa Kwanza, ina upana wa mita 31 na kimo cha mita 7.5 kwa ndani. Chini ya paa zimepangwa pete 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye. Mgeni huvua viatu, huketi juu ya mkeka, na mbele yake huning'inia pazia la lubugo, kitambaa kinachogongwa kutoka kwenye magome ya mti wa mutuba. Nyuma ya pazia ni Kibira, yaani msitu, mahali wanapopumzika Makabaka. Mgeni haingii.

Hapo ndipo kazi ya mbunifu inapokuwa ngumu. Kwa upande wa kompyuta, kuinua pazia ni kubonyeza kitufe. Kijana aliyezoea michezo ya simu atatarajia kulipita, na atakayemuuzia makumbusho mfumo huo atapenda kuonyesha kwamba inawezekana. Ila pazia lile ndilo maelezo yenyewe ya mahali hapo: likiondolewa, mgeni amekwenda kwingine, si Kasubi. Uamuzi huo hauwezi kuachiwa fundi wa programu. Wapo Nnaalinya, wazee wa koo na wanawake wanaowakilisha wajane wa Makabaka, na wanapaswa kuulizwa kabla mstari wa kwanza wa programu haujaandikwa, si siku ya uzinduzi wanapoitwa kukata utepe.

Kinachoweza kuonyeshwa bila kumkwaza mtu ni kingi. Mwanga alifia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903 na mabaki yake yakarejeshwa mwaka 1910. Muteesa wa Pili alifia London mwaka 1969, akarudishwa mwaka 1971. Safari hizo mbili, zikisimuliwa kwa sauti ya Kiganda na ya Kiswahili mgeni akiwa amesimama uani, hazihitaji hata miwani.

Kilwa Kisiwani, Tanzania, tatizo ni la namna nyingine. Magofu yake yalipimwa kwa leza na mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman la karne ya 14, lina bwawa la kuogea lenye pembe nane linaloonekana hadi leo, lakini paa hakuna. Mbunifu akilirudisha paa kwenye miwani, mgeni ataamini kwamba ndivyo lilivyokuwa, ilhali sehemu ya picha ni kisio la mchoraji. Mkataba wa London, mwongozo ulioanza mwaka 2006, unataka msomaji wa picha kama hizo aambiwe kipi kimethibitika na kipi kimekisiwa. Njia nyepesi ni kuchora kisio kwa rangi hafifu, kama kivuli. Picha haitavutia sana kwenye tangazo, lakini mtoto wa shule hatadanganywa.

Halafu kuna jua. Miwani ya kupitisha mwanga hufifia nje mchana, na Kilwa karibu kila kitu kiko nje.

Vifaa navyo havidumu. HoloLens ya Microsoft, miwani iliyotumiwa na makumbusho mengi, iliingia sokoni mwaka 2016. Toleo lake la pili liliuzwa dola 3,500 za Marekani na betri yake ilimudu saa mbili hadi tatu. Mwaka 2024 kampuni ikaacha kuitengeneza. Makumbusho yaliyofungia kazi yake yote ndani ya kifaa hicho yatalipa upya. Yaliyohifadhi nukta, sauti na picha katika mafaili ya kawaida yatahamia kwenye simu.

Yapo pia maeneo ambako ni afadhali teknolojia ibaki getini. Katika kanisa la Nyamata, Rwanda, nguo za waliouawa mwaka 1994 zimewekwa juu ya mabenchi. Hakuna picha ya kompyuta itakayoongeza neno pale.

Nyamata iliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia Septemba 2023, kwenye kikao kile kile cha Riyadh kilichoiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ujenzi mpya ulikuwa umechukua zaidi ya miaka 10. Nukta zilisaidia kujua vipimo. Nyasi zilifungwa kwa mikono, na pazia likarudishwa mahali pake.